Ubao wa Matundu Kumi

Mwaka 1801, daktari kijana wa Paris aliyeitwa Jean Marc Gaspard Itard aliandika ripoti kuhusu mvulana aliyekuwa akimfundisha, na humo akaeleza jambo ambalo kila mzazi aliyewahi kurudi nyumbani na mfuko wa dukani atalielewa: vitu vya kuchezea alivyompa mtoto havikumfurahisha hata kidogo. Alimwekea mbele michezo ya kila namna, akakaa naye kwa saa nyingi akimwonyesha inavyochezwa. Mtoto alikasirika tu. Vingine alivificha, vingine akaviharibu. Siku moja, akiwa peke yake chumbani, alivitoa vigogo vya mbao vya ule mchezo wa kusimamisha na kuangusha kwa tufe, vigogo alivyokuwa amevificha siku nyingi, akavirundika motoni, akakaa akiota moto kwa raha zake.

Mimi nikisoma hapo huwa namwona mtoto mwenye akili timamu kabisa. Paris ina baridi, na kuni ni kuni.

Mvulana huyo baadaye alipewa jina la Victor. Alikamatwa Januari 1800 kusini mwa Ufaransa, akikadiriwa kuwa na miaka kama 12, baada ya kuishi porini peke yake. Hakusema neno. Alipopelekwa Paris, Philippe Pinel, daktari wa akili mwenye sifa kuliko wote mjini, alimchunguza akasema huyu ni punguani asiyefundishika. Itard, aliyekuwa daktari katika taasisi ya viziwi, alibisha. Ubishi wao haukuwa wa kitabibu peke yake. Kama Pinel alikuwa sahihi, mtoto angefungiwa na kusahauliwa. Kama Itard alikuwa sahihi, mtu alipaswa kukaa chini na kutafuta kitu cha kumpa mkononi.

Basi Itard akaacha kumnunulia, akaanza kumtazama. Aligundua kwamba Victor hana habari na midoli lakini ana habari nyingi sana na chakula. Akachukua vikombe kadhaa, akavifudikiza mezani, chini ya kimoja akaweka chestnut, aina ya kokwa zinazoliwa huko, kisha akavihamishahamisha. Aliyewahi kuliwa hela yake kwenye karata tatu pale stendi anaujua mchezo huu. Victor aliupenda. Alifuata kikombe kwa macho, akakikamata. Itard akaongeza kasi, akaongeza ugumu, mwishowe chini ya kikombe akaweka vitu visivyolika, na mtoto akaendelea kucheza vilevile. Tumbo lilikuwa limemfungulia mlango, naye akaingia akabaki ndani kwa sababu ya mchezo wenyewe.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi swali la kuchagua vitu vya kuchezea kwa watoto wenye vipawa na wenye mahitaji maalumu huulizwa kama swali la sokoni: kipi kwa yupi, umri gani, bei gani. Swali hili lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo unaweza kuifuata kwa kukitazama kifaa kimoja tu, ubao wenye matundu na vipande vya mbao vinavyoingia humo. Pengine uliwahi kuwa nao utotoni, wa plastiki, kutoka Kariakoo. Pengine hata sasa uko chini ya kitanda cha mdogo wako, nyota yake imepotea.

Babu wa ubao huo ni ubao wa Itard. Aliubandika karatasi tatu: duara jekundu, pembetatu ya buluu, mraba mweusi. Kisha akampa Victor vipande vya kadibodi vya umbo na rangi hizohizo, avitundike kila kimoja mahali pake. Alipoona ameweza, akabadilisha: maumbo tofauti yenye rangi moja, kisha rangi zinazokaribiana. Victor alipandwa na hasira, akavirusha, akazirai, akarudi. Baada ya maumbo zikaja herufi. Itard alimzoeza kupanga herufi nne za L, A, I, T, yaani maziwa kwa Kifaransa. Siku chache baadaye walikwenda kwenye nyumba moja ambako Victor alizoea kupewa maziwa, na mvulana akatoa mfukoni herufi zilezile alizozichukua mwenyewe nyumbani, akazipanga mezani.

Hakuwahi kujifunza kuongea, na Itard mwenyewe aliona ameshindwa. Victor aliishi na mlezi wake, Madame Guérin, hadi alipofariki mwaka 1828. Lakini ubao ulibaki, na kijana mwingine akauchukua.

Huyo ni Édouard Séguin, mwanafunzi wa Itard aliyeanza kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris miaka ya mwisho ya 1830, kisha katika hospitali ya Bicêtre. Ndiye aliyeyatoboa matundu. Badala ya kuonyesha umbo kwenye karatasi, alitengeneza ubao wenye mashimo ya maumbo mbalimbali na vipande vinavyoingia humo. Unaweza kuona ni badiliko dogo la seremala, lakini fikiria maana yake. Kwenye karatasi ya Itard, mtoto akikosea, lazima mtu mzima amwambie. Kwenye ubao wa Séguin, pembetatu haiingii kwenye duara, basi. Ubao wenyewe ndio unaosema hapana, bila kukunja uso na bila kuchoka. Mtoto ambaye tangu azaliwe amezungukwa na watu wanaomhurumia au wanaomkaripia anapata kitu kimoja duniani kisichomhurumia wala kumkaripia.

Séguin alihamia Marekani baada ya misukosuko ya mwaka 1848, na mwaka 1866 alichapisha kwa Kiingereza kitabu kikubwa kuhusu njia yake ya kufundisha kwa kuanzia mwilini: miguu kwanza, mikono, macho, masikio, halafu ndipo mawazo. Alifariki New York mwaka 1880. Ulaya walikuwa wamekaribia kumsahau.

Upande wa pili wa mji, tuseme hivyo, watoto waliohesabiwa kuwa wazima nao walikuwa wanapata mbao zao. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, alibuni masanduku aliyoyaita zawadi: mipira ya nyuzi, tufe, mchemraba, mcheduara, vipande vya kujengea. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake mwaka 1851 kwa kuziogopa kisiasa, lakini masanduku yalikuwa yameanza safari. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, mama mmoja Mmarekani aliyaona na kumtafutia mwanawe, ambaye alikuja kuwa Frank Lloyd Wright, msanifu majengo. Wright alisema uzeeni kwamba vile vipande vilibaki vidoleni mwake maisha yote. Hadithi hiyo inapendwa sana na wauza vitu vya kuchezea, na sishangai. Kwa maelfu ya watoto wengine waliopewa vipande vilevile na hawakujenga lolote hakuna anayeandika.

Kwa hiyo katikati ya karne ya 19 kulikuwa na mbao za aina mbili. Za Froebel zilikuwa za watoto waliotarajiwa kufika mbali, na za Séguin za watoto ambao hakuna aliyetarajia chochote kutoka kwao. Hazikukutana mpaka alipotokea daktari mwanamke wa Kiitaliano.

Maria Montessori alihitimu udaktari Roma mwaka 1896 na akaanza kutembelea hifadhi za wagonjwa wa akili. Husimuliwa kwamba katika hifadhi moja alikuta watoto wamefungiwa chumba kitupu, na mlezi akamlalamikia kwa kinyaa kwamba wakimaliza kula hutambaa sakafuni kuokota makombo. Montessori akakitazama chumba. Hakukuwa na kitu kingine chochote cha kushika. Makombo ndiyo vitu vyao vya kuchezea.

Akaenda kuwatafuta Itard na Séguin kwenye maktaba. Vitabu vyao alivitafsiri na kuvinakili kwa mkono, kurasa kwa kurasa, ili, kama alivyoeleza mwenyewe, apate muda wa kupima uzito wa kila neno. Mimi ninayesoma makala kwenye simu huku natazama ujumbe unaoingia, nikifika hapo huwa naiweka simu chini kidogo. Mwaka 1900 alishirikiana na mwenzake kuongoza shule mpya ya Roma ya kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Humo aliwafanyisha maseremala mbao za Séguin upya, akaziongezea zake. Baadhi ya watoto wake walifanya mitihani ya kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walimsifu kwa muujiza. Yeye alikuwa anajiuliza jambo lingine: ikiwa hawa wamefika hapa, ni kitu gani kinawazuia wale watoto wazima wa shule za kawaida hata wakalingana na wanafunzi wangu?

Januari 6, 1907, alipewa nafasi ya kujibu. Katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo, kampuni ya majengo ilikuwa na tatizo la watoto wapatao 50 waliobaki peke yao mchana, wakichafua kuta mpya. Wakampa chumba. Akaleta vifaa vya watoto wenye ulemavu kwa watoto wasio na ulemavu. Aliwawekea pia midoli mizuri ya gharama, nayo ikakaa tu. Kitu kilichomshangaza zaidi kilikuwa binti wa miaka kama mitatu na gogo la mbao lenye mashimo ya vijiti kumi vya mcheduara, kila kimoja na unene wake. Alivitoa, akavichanganya, akavirudisha, akavitoa tena. Montessori akaanza kuhesabu. Akawaambia wengine waimbe na kutembea kumzunguka. Akamnyanyua na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto akakumbatia vijiti vyake, akaendelea hapohapo juu. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akainua uso kama mtu aliyeamka usingizini akiwa amepumzika.

Hiyo ndiyo habari ninayoiona kubwa kuliko zote katika historia hii, na imefunikwa na ada za shule zinazotumia jina la Montessori leo. Kifaa kilichobuniwa kwa mtoto aliyekatiwa tamaa kilimfaa mtoto wa kawaida, na kilimfaa mtoto mwepesi pia, bila kubadilishwa. Kilichotofautiana ni muda ambao kila mmoja alikaa nacho na alichokitafuta ndani yake. Montessori aliwafunga macho wengine kwa kitambaa ili wapapase. Mchezo uleule, ghafla mgumu mara kumi.

Sasa nije kwenye saa.

Mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa mwaka 1905 maswali ya kutambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Binet hakuamini kwamba akili ni kitu kilichokwisha pimwa kikafungwa. Alitunga hata mazoezi ya kuikuza, mojawapo mchezo wa kuganda kama sanamu, ambapo darasa zima la watoto watundu linasimama kimya bila kutikisika mpaka mwalimu aseme. Lakini alifariki mwaka 1911, na vipimo vyake vilikuwa vimeshavuka bahari bila yeye.

Aliyevivusha ni Henry Goddard, mkurugenzi wa utafiti katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey. Goddard alivikuta pale vifaa vya kufundishia, ubao wa Séguin ukiwemo. Na mwaka 1912 akachapisha makala kuhusu ubao huo kama kipimo cha maendeleo ya akili. Matundu kumi: duara, mraba, nyota, msalaba, nusu duara na wenzake. Mtoto anapewa vipande, mtu mzima anashika saa, na kinachoandikwa ni sekunde. Ubao ni uleule, matundu ni yaleyale. Ila sasa pembetatu ikigoma kuingia kwenye duara, haimwambii mtoto chochote. Inamwambia mwenye saa. Goddard huyuhuyu ndiye aliyeunda kutokana na Kigiriki neno jipya la kuwaita watu wenye upungufu mdogo wa akili, neno ambalo Wamarekani wanatukaniana nalo mpaka leo.

Kutoka Vineland hadi Ellis Island, kisiwa walikoshukia wahamiaji bandarini New York, si mbali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1907 iliamuru watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu warudishwe walikotoka, na mwaka huohuo zaidi ya watu milioni moja walipita kisiwani hapo. Daktari alimtazama kila mmoja kwa sekunde chache akipita kwenye foleni. Aliyetiliwa shaka ya akili aliandikwa X kwa chaki kwenye koti. Mwaka 1912 alifika pale daktari Howard Knox, ambaye aliona, kwa haki kabisa, kwamba maswali ya Binet hayamfai mkulima wa Sicily ambaye hajawahi kuingia darasani na anaulizwa kupitia mkalimani. Akatafuta kipimo kisicho na lugha. Akarudi kwenye mbao. Alitumia ubao wa Séguin, akabuni na michezo mingine: vichemraba vinne vinavyogongwa kwa mpangilio na mtu anatakiwa kuiga, na vipande vya sura ya mtu vya kuunganishwa mpaka uso ukamilike.

Nimewahi kuziona picha za vifaa hivyo kwenye mtandao na kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba vinapendeza. Ungeviweka rafu ya duka la watoto vikanunuliwa. Mwanamke aliyetoka kijijini, amekaa wiki mbili chini ya meli, mume wake anamsubiri ng'ambo ya maji, anawekewa mezani pua na sikio la mbao na kuambiwa kwa ishara: unganisha. Fiorello La Guardia, aliyekuwa mkalimani kisiwani hapo kabla ya kuwa meya wa New York, aliandika baadaye kwamba wengi waliorudishwa kwa sababu za akili walionewa. Knox alikuwa anatafuta haki, lazima tumpe hiyo. Lakini nani alimwambia kwamba mchezo wa mbao hauna lugha?

Upande wa watoto wenye vipawa, saa hiyohiyo ilikuwa inafanya kazi yake kwa mtindo wa sherehe. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha kipimo chake mwaka 1916, na kuanzia 1921 akakusanya zaidi ya watoto 1,500 wa California wenye alama za juu ili awafuate maisha yao yote. Wavulana wawili walipimwa wakakosa alama za kuingia: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, na katika kundi lililochaguliwa hakutoka hata mmoja aliyeipata.

Ninayemheshimu zaidi upande huu ni Leta Hollingworth, kwa sababu aliwajua watoto wa pande zote mbili. Alianza kazi New York mwaka 1913 akiwapima watu waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, na miaka mitatu baadaye akakutana na mtoto mwenye alama za juu ajabu. Maisha yake yaliyobaki aliyatoa kwa watoto wa namna hiyo. Kitabu chake kuhusu watoto 12 wa kiwango cha juu kabisa kilitoka mwaka 1942, baada ya kifo chake. Wenzake waliuliza watoto hawa watavumbua nini. Yeye aliuliza wanacheza na nani. Aliona kwamba mtoto wa miaka sita mwenye mawazo ya mtoto wa kumi na mbili ana shida ya kuchekesha na ya kuhuzunisha: michezo anayoitaka, wenye umri wake hawaiwezi, na wanaoiweza hawamtaki kwa sababu ni mdogo, anaangushwa. Anabuni sheria nyingi mno na wenzake wanakimbia. Anabaki peke yake na marafiki wa kufikirika. Ukimnunulia kifaa cha bei kubwa, shida hiyo inabaki palepale. Anayekosekana ni mtu wa kucheza naye.

Mbao hizi, au mawazo yaliyozibeba, zilifika kwetu pia. Nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, R. A. C. Oliver alikuwa Kabete akitengeneza jaribio la akili kwa ajili ya Waafrika, alilolichapisha mwaka 1932, na miaka hiyohiyo daktari H. L. Gordon alikuwa anawahutubia walowezi na wanachama wa vyama vya Uingereza kuhusu udogo wa ubongo wa Mwafrika. Wawili hawa hawakuwa kitu kimoja, maana Gordon alishakuwa na jibu na Oliver alikuwa mtafiti. Ila ndani ya hali ile, kila alama ndogo ya mtoto wa Kikuyu au wa Kikamba ilikuwa na mtu anayeisubiri.

Jibu ninalolipenda lilikuja mwaka 1979, na lilikuja na waya. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester kazi ya kuiga maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Kwa waya, Wazambia waliwashinda Waingereza. Jambo lilikuwa hilo tu. Watoto wa Lusaka, kama watoto wa Mbagala na Kawangware, wamekua wakitengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu na matairi ya kandambili zilizokatika. Mikono yao ilikuwa imeshasoma. Laiti Serpell angeenda Lusaka na penseli peke yake, tungekuwa na jedwali jingine la kutudhalilisha, lenye sekunde sahihi kabisa.

Nasomea elimu maalumu, na mwaka jana nilikaa wiki kadhaa kwenye chumba cha upimaji cha kituo ambacho sitakitaja. Ubao ulikuwepo, wa mbao, matundu kumi, rangi imebanduka kingo. Saa ilikuwa ya simu. Asubuhi moja aliingia mvulana wa miaka tisa ambaye hasemi. Alivichukua vile vipande kumi, hakugusa tundu hata moja. Alivipanga mezani kwa mstari, kutoka kikubwa kwenda kidogo, akasogeza msalaba, akafikiri, akaurudisha. Muda ukaisha. Fomu haina nafasi ya kuandika mstari. Mama yake akaniambia taratibu, kama anayemwombea msamaha: "Dada, nyumbani viatu vya watu wote anavipanga hivyohivyo. Wageni wakija ndiyo usiseme."

Siku mbili baadaye akaja binti wa miaka mitano, ameletwa kwa sababu mwalimu wake anasema ni msumbufu. Alimaliza ubao kabla sijaketi vizuri. Kisha akavimwaga vipande, akafumba macho, akaanza kupapasa tundu moja baada ya jingine. Hakuna aliyemfundisha. Akaambiwa: umeshamaliza, weka chini, tuendelee na kingine.

Wazazi wote wawili waliniuliza swali lilelile wakati wa kuondoka: "Sasa nimnunulie nini?" Orodha ninazo, nimezisomea. Zipo orodha nzuri, na kuna maarifa ya kweli ndani yake: kipande kikubwa kwa mkono usiobana vizuri, kitu chenye mlio au mkwaruzo kwa asiyeona, kisichomulikamulika kwa mtoto mwenye usonji anayeumizwa na kelele na mwanga. David Werner alikijaza kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini kwa michoro ya vifaa vya namna hiyo vinavyotengenezwa kwa makopo, mianzi na vitambaa, na bado sijaona kitabu kilichoheshimu fundi wa kijijini kama kile. Lakini mama yule ana mshahara wa nyumba moja na ubao wa mbao dukani ni nauli ya wiki nzima. Na akiununua, mtoto akaupanga mstari badala ya kuujaza, atajiona amepoteza hela.

Wazazi wa Sweden walikutana na hesabu hiyohiyo mapema. Mwaka 1963, mjini Stockholm, kinamama waliokuwa na watoto wenye ulemavu walifungua maktaba ambayo badala ya vitabu inaazimisha vitu vya kuchezea, wakaiita Lekotek. Unakuja na mtoto, anajaribu, mtu anayejua anakaa chini na kumtazama, mnaondoka na kimoja, mkikikataa mnakirudisha. Itard alihitaji hivyo kabla ya vile vigogo kuishia motoni. Mpango huo ulienea nchi nyingi, na kuuanzisha si lazima jengo. Kabati moja la shule na daftari la majina vinatosha kuanzia, pamoja na mawe ya mdako, waya na vifuniko vya chupa ambavyo havihitaji kununuliwa kabisa. Nimeiweka kabati hiyo kwenye pendekezo la tasnifu yangu. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: utapimaje mafanikio? Ni swali halali na bado nalijibu.

Siku ya mwisho pale kituoni, upimaji ulichelewa kwa sababu umeme ulikatika na mkuu wa kituo alikuwa na kikao. Niliutoa ubao nje nikauweka kwenye mkeka barazani, walikokuwa wanasubiri watoto kama saba na mama zao. Simu niliiacha ndani. Yule mvulana asiyesema alikuwepo, amekuja kuchukua majibu. Alipanga mstari wake. Mtoto mwingine, mdogo, akaja akatwaa duara la mwisho na kulitumbukiza kwenye tundu lake, tap. Mvulana akalitazama tundu kwa muda mrefu. Akalitoa lile duara, akalirudisha kwenye mstari. Mdogo akalitumbukiza tena. Waliendelea hivyo, kutoa na kutia, mpaka mmoja wa kina mama akaanza kucheka na mwingine akasogeza kiti chake karibu ili aone.

Tuliitwa ndani saa tano na nusu. Nilipokusanya vipande vilikuwa tisa. Tulitafuta chini ya mkeka, chini ya viti, kwenye kikapu cha chapati. Mama yake ndiye aliyekumbuka kumpapasa mfukoni, akaitoa nyota.